Juni ikifika bustani inasimama: nifunike mboga na nailoni?

"Shikamoo bwana shamba. Ninaishi Sakina, Arusha, nilihamia kutoka Tanga miaka mitatu iliyopita. Nina kibustani nyuma ya nyumba, kama hatua kumi kwa sita. Mchicha na matembele vinanikubali vizuri mpaka Mei, lakini Juni ikiingia vinadumaa, majani yanakuwa madogo na ya njano, na mpaka Agosti iishe nanunua mboga sokoni kila siku. Nimeona kwenye simu wazungu wakichuma mboga wakati wa theluji kwa kufunika matuta na nailoni. Je, na mimi nifunike? Na je, kuna mboga za kudumu, nipande mara moja nichume hata wakati wa baridi? Nina watoto wawili, ningependa wale mboga za nyumbani."

Marahaba, mwanangu. Nianze na nailoni, maana ndiyo itakayokutoa fedha mfukoni: usifunike.

Wale uliowaona kwenye simu wana shida ambayo wewe huna. Kwao ardhi inaganda. Mjini London mwishoni mwa Desemba mchana hauna hata saa nane za mwanga, jua linachomoza kwa kuchelewa na kuzama mapema, na mmea unakaa gizani sehemu kubwa ya siku. Wanafunika ili mmea usife, basi. Wewe uko karibu na ikweta. Mchana wako wa Julai ni karibu saa 12, kama wa Januari kasoro dakika chache. Usiku wa Julai Arusha mjini kipimajoto huzunguka nyuzi 12 au 13, na mchana hupanda kupita 20. Hiyo ni baridi ya kumvalisha mtoto sweta, lakini si baridi ya kuua mboga. Barafu ya asubuhi juu ya majani waachie wa Kitulo na Njombe.

Kwa hiyo baridi yetu haiui mboga, inaipunguzia mwendo. Ukilishika hilo, maswali yako yote mawili yanapata jibu.

Kinachopungua hasa ni jua. Wewe mwenyewe umeona: kuanzia mwisho wa masika, wingu linatanda kwenye Meru na kushuka mpaka mjini, na siku nyingine hulioni jua mpaka saa tano au saa sita. Mmea hula mwanga. Sasa chukua nailoni, tena ile ya bei nafuu inayokuwa nyeupe kwa vumbi baada ya wiki mbili, uiweke juu ya mmea ambao tayari una njaa ya mwanga. Chini yake hewa haipiti, umande haukauki, na ukungu unapata makazi. Nilifanya hivyo nikiwa kijana kazini, Usa River, kwenye kitalu cha sukuma wiki mwezi Julai. Miche iliota vizuri, nikafurahi. Baada ya siku tano shingo za miche zilikuwa nyembamba kama uzi pale zinapogusa udongo, miche imelala chini. Ni ugonjwa wa kinyausi. Kitalu kizima kiliondoka, na mbegu haikuwa yangu, ilikuwa ya wakulima walioniamini. Sijasahau mpaka leo.

Sasa swali langu kwako, na nakuomba ulijibu kwa kutoka nje na kusimama bustanini: umesema kibustani kiko nyuma ya nyumba. Nyuma ni upande gani? Hapo Sakina mlima uko kaskazini, umeegemea mashariki kidogo. Mwezi Juni jua nalo liko kaskazini. Linachomoza upande huo, mchana linasimama upande huo, na linazama upande huohuo. Ukuta wa nyumba unaotazama kusini hauguswi na jua moja kwa moja siku nzima. Ukuta wa mita 3 saa sita mchana unatupa kivuli cha kama mita moja na nusu kuelekea kusini, na asubuhi na jioni kivuli hicho kinarefuka zaidi. Desemba mambo yanageuka, jua linahamia kusini na ule upande uliokuwa na giza unapata jua kamili. Ndiyo maana mtu anasema "bustani yangu ilikuwa nzuri Januari, Julai imekufa" akadhani ni mbegu au ni jicho la jirani. Kumbe ni nyumba yake mwenyewe.

Kama kibustani chako kiko kusini mwa nyumba, usihangaike kukihamisha chote. Tafuta ukanda wa upande unaotazama mlima, hata kama ni mita moja na nusu tu kando ya ukuta, uweke matuta ya baridi hapo. Ukuta wa tofali unashika joto la mchana na kulirudisha polepole usiku. Kama hapo pamesakafiwa, tumia viroba vilivyojazwa udongo na samadi iliyooza. Udongo ulioinuka kwenye kiroba unapata joto haraka kuliko ulio chini, na maji hayatuami.

Na mimea mirefu, yaani migomba, mbaazi, mipapai, iweke ukingo wa kusini wa bustani. Juni kivuli chake kitaangukia nje, kwa jirani au kwenye njia. Januari na Februari, jua likiwa kali na limehamia kusini, kivuli hichohicho kitaangukia ndani na kukupozea mboga. Sijui jambo jingine la bure bustanini lenye faida mara mbili namna hii.

Tuje kwenye mchicha. Wewe umetoka Tanga, na mboga ulizozipenda zimetoka nawe. Mchicha ni mmea wa joto, unataka nyuzi 22 na kuendelea ndipo ukimbie. Matembele nayo, usiku ukishuka chini ya 15 yanasimama. Hayafi, yanakungoja Septemba. Usiyang'oe. Yakate kidogo, uyaache yatambae, na mvua za vuli zikianza yatakuwa ya kwanza kukushukuru.

Ule unjano nao watu hukosea kuutibu. Wanasema udongo umechoka, wanaongeza samadi mbichi, wanaongeza maji. Samadi inaweza kuwa imejaa humo, ila vile vijidudu vya udongoni vinavyoigeuza kuwa chakula cha mmea vinafanya kazi pole pole udongo ukiwa wa baridi. Na maji ukiyazidisha unaupoza udongo zaidi na kuinyima mizizi hewa. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo umeshika, weka kopo chini, leo humwagilii. Kwa Julai ya Sakina, mara mbili kwa wiki mara nyingi zinatosha, tena asubuhi, ili jani liwe limekauka kabla ya usiku. Kumwagilia jioni ni tabia nzuri ya kiangazi na mbaya ya baridi.

Kwa chakula, tumia mbolea ya maji. Tia samadi iliyooza ndani ya kiroba, kifunge, kitumbukize kwenye pipa la maji, kitingishe kila siku mbili kwa muda wa wiki mbili. Kisha zimua mpaka ipate rangi ya chai ya rangi, umwagie kwenye shina, kamwe si kwenye majani mnayokula. Hiyo inafika kwa mzizi ikiwa tayari imeyeyuka, haingoji udongo upate joto.

Sasa mboga za kudumu. Zipo, na iliyo mbele ya zote unaijua: sukuma wiki.

Wengi huipanda kwa mbegu, wanaichuma miezi minne au mitano, ikirefuka na kupinda wanaing'oa. Ni hasara kubwa. Sukuma wiki ni ukoo mmoja na kabichi, na mimea mingi ya ukoo huu hungoja baridi kali, chini ya nyuzi 10, kwa wiki kadhaa mfululizo, ndipo itoe maua. Ulaya hupata baridi hiyo, hutoa maua majira ya kuchipua, hutoa mbegu na kufa. Hapa mjini kwetu baridi hiyo haikai muda wa kutosha, kwa hiyo sukuma wiki haipati ishara ya kuzaa. Inaendelea kutoa majani tu, mwaka hadi mwaka. Nimechuma kwenye mashina ya miaka mitatu, marefu kupita kiuno changu, yameegemezwa kwenye miti kama nyanya. Na baridi ambayo mchicha wako unailalamikia, yenyewe inaipenda. Inataka nyuzi 15 hadi 20, yaani Julai ya Arusha yenyewe. Majani ya Julai huwa manene na laini, si kama yale magumu ya Februari.

Shina likiwa refu, kando yake hutoka vichipukizi. Hivyo ndivyo miche yako ya bure. Chagua kilicho na urefu wa sentimita 15 hivi na unene wa penseli, kiondoe kwa kukivuta chini ili kitoke na kipande cha ganda, toa majani yote isipokuwa mawili au matatu madogo ya juu, ukichomeke kwenye udongo laini mahali penye kivuli chepesi. Baada ya wiki tatu kitakuwa kimeshika. Lakini shina mama ulichunguze kwanza. Ukiona jani lina njano yenye umbo la herufi V kutoka ukingoni kuja ndani, na mishipa imekuwa myeusi, huo ni uozo mweusi. Vivyo hivyo majani yakiwa na mabaka na kujikunja kwa virusi. Usichukue kichipukizi hapo hata kama ni cha rafiki yako mkubwa, utahamisha ugonjwa kwako na hautatoka upesi.

Panda kwa nafasi: sentimita 60 mstari hadi mstari, 45 shina hadi shina. Najua utatamani kubana kwa sababu eneo ni dogo. Wakati wa baridi mwanga ni mchache, ukibana majani yatafunikana na unyevu utakaa. Mashina 30 yanatosha nyumba yako. Chuma majani mawili ya chini kwa kila shina, utapata majani 60, hiyo ni sufuria mbili za familia. Acha juu majani sita hivi. Wakati wa joto unaweza kurudi kwenye shina lilelile baada ya siku saba. Julai vumilia siku kumi hadi kumi na nne. Ukichuma kwa kasi ya Machi mwezi Julai, unaondoa jani ambalo mmea haujaweza kulilipa, na hapo ndipo wengi wanapoiua sukuma wiki yao wenyewe kisha wakasingizia baridi.

Mwenzake wa karibu ni spinachi, ile yenye shina nene jeupe. Nayo kwa sababu hiyohiyo ya kukosa baridi kali hukaa muda mrefu bila kutoa maua, mwaka na zaidi ukiitunza. Hupata madoa ya mviringo yenye kiini cha kijivu wakati wa unyevu. Ondoa majani yenye madoa, uyatupe mbali, usiyaweke kwenye mboji.

Mnavu sijui kama watoto wako wameuzoea, watu wa pwani wengine huona uchungu. Uwazoeshe taratibu, changanya na spinachi kwanza. Ni mboga ya nyanda za juu, inapenda ubaridi na udongo wenye samadi. Ukifika magotini ukate, uache kisiki cha sentimita 15, utachipua matawi mengi. Toa maua kila uyaonapo ili nguvu ibaki kwenye majani. Sisi watu wa huku tunauheshimu, na kwenye kihamba cha Mchagga, yaani shamba lake la nyumbani, utaukuta chini ya migomba bila hata kupandwa. Chagua ule wa majani mapana, na matunda mabichi ya kijani msile.

Figiri, ambayo Waarusha wanaiita loshuu, si ya kudumu, lakini siwezi kuiacha. Hii haingoji baridi ili itoe maua, kwa hiyo maisha yake ni mafupi, ila inaota upesi hata udongo ukiwa wa baridi, na ndani ya wiki tano au sita unaanza kuchuma. Mwage mstari mmoja kila baada ya wiki mbili. Ndiyo mboga ya kukuvusha sukuma wiki inapojenga mizizi. World Vegetable Center, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, ambao wako huku Arusha tangu 1992, pamoja na watafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Tengeru, wameifanyia kazi kubwa figiri, mnavu, mchicha na ngogwe, wakati watu wengi walikuwa wakiziona kama magugu au chakula cha maskini. Kutoka Sakina mpaka Tengeru ni safari fupi ya daladala. Nenda ukaulizie mbegu inayofaa kwa mwinuko wako. Ukinunua dukani, angalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye pakiti na tarehe ya mwisho wa matumizi, maana mbegu kuukuu kwenye udongo wa baridi huoza kabla ya kuota.

Ngogwe ukizipata vizuri mwaka wa kwanza, usizing'oe zikichoka. Kata matawi, acha kisiki, weka samadi, zitachipua tena. Vitunguu majani navyo, kata juu ya ardhi na uache mzizi.

Najua utaniuliza mlonge na kisamvu, maana mtu wa Tanga hawezi kukaa bila kisamvu. Mlonge kwa Sakina sikushauri uutegemee, baridi inaupukutisha majani. Wape ndugu zako wa Moshi chini. Kisamvu cha muhogo wa kawaida nacho hudumaa. Kile cha mti, tunachokiita kisamvu cha mpira, kinastahimili zaidi na kinafaa kwenye uzio, ingawa Julai kitakwenda polepole. Kina sumu ileile ya muhogo, kwa hiyo kitwange sawasawa na ukichemshe vizuri, sufuria ikiwa wazi, kabla nazi haijaingia.

Nilipotaja Moshi, niseme neno kwa wasomaji wa huko, kwa sababu kila ninapoandika kuhusu baridi ya Arusha wananiambia haiwahusu. Moshi mjini iko chini, mita 800 hadi 900 hivi, na Arusha ni kama mita 1,400. Kila mita 100 ukipanda unapoteza karibu nusu nyuzi au zaidi kidogo. Kwa hiyo Moshi mjini mchicha na matembele vinaendelea Julai nzima bila shida kubwa. Lakini ukipanda Kibosho, Machame au Marangu juu, unakuta baridi sawa na yetu au inayotuzidi, na wingu la mlima juu yake. Huko kihamba kimeshajibu swali hili miaka mingi: migomba juu inazuia joto la ardhi lisipotee usiku, mboga chini, maji ya mfongo, yaani mfereji, pembeni. Kasoro yake ni moja, mwanga. Punguza majani makavu ya migomba mwezi Mei ili jua dogo la Juni lifike chini.

Wadudu. Juni na Julai adui si wengi, ila konokono, wenye nyumba na wasio nayo, na sota, yule funza mnene wa rangi ya udongo anayekata miche usiku shingoni. Konokono waokote kwa tochi baada ya saa mbili usiku, watoto wako wataipenda kazi hiyo. Majivu watu huyasifu, lakini yakilowa umande hayana kazi tena. Matandazo, ambayo siku zote ninayahubiri, kipindi hiki yawe mepesi na yakae mbali na shina kiasi cha kiganja, maana yakiwa mazito yanazuia jua lisipashe udongo na kuwapa konokono kitanda. Agosti ikianza upepo na ukavu, rudisha matandazo mazito. Agosti hiyohiyo ndipo wadudu mafuta wanapovamia sukuma wiki, wa kijivu, wamejaa kwenye kiini. Wapanguse kwa vidole siku ya kwanza unapowaona. Wakizidi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, nyunyiza asubuhi mpaka chini ya majani, kisha osha mboga vizuri kabla ya kupika.

Nyanya usipande uwanjani kwa mavuno ya Juni na Julai. Jani likikaa limelowa kwenye ubaridi ule, bakajani linamaliza shamba ndani ya wiki moja. Weka nafasi hiyo njegere au karoti.

Kuhusu wakati: bustani ya baridi hupandwa masika. Mbegu za sukuma wiki ziende kitaluni mwanzoni mwa Aprili, miche ihamishwe katikati ya Mei, ili Juni ikifika mizizi iwe imeshuka. Mmea wenye mizizi unaendelea kutembea kwenye baridi, ila mche uliopandwa Julai unakaa mwezi mzima unatafuta pa kushika. Hiyo ndiyo siri ya mboga za kudumu: mzizi wake uko tayari kila Juni, hauanzi upya.

Lakini sasa ni Julai na watoto wanakula leo. Basi wiki hii fanya hivi. Kwanza tazama jua saa nne, saa sita na saa tisa, uweke alama ya kijiti pale linapofika mara zote tatu. Hapo mwage figiri, mistari minne, udongo ukiwa umechanganywa na mboji iliyooza vizuri. Kisha waulize majirani waliokaa Sakina siku nyingi, utamkuta mama mmoja mwenye mashina marefu ya sukuma wiki uani. Mwombe vichipukizi 30, na ukienda mchukulie chochote cha Tanga ulicho nacho. Vichomeke jioni, mwagilia siku hiyo kwa wingi, kisha kila asubuhi kidogo kwa wiki ya kwanza tu. Vikianza kutoa jani jipya katikati, hata dogo kama ukucha, acha kuvigusa mpaka vifikishe majani manane.